Kutoa taarifa ya maandamano si kuomba kibali

Vijana wa Kenya wakitangaza kuingia barabarani, redioni na kwenye magrupu ya WhatsApp huzuka maneno yaleyale: "Hawana kibali." Watangazaji husema hivyo, wazee wa mtaa vilevile, na hata vijana wenyewe, ambao huenda kituo cha polisi kwa unyenyekevu wa mtu anayeomba leseni ya kioski.

Haki ya kukusanyika ni uhuru wa watu kukutana hadharani, kwa amani na bila silaha, na kusema walilo nalo. Katika Katiba ya 2010 imo kwenye Ibara ya 37, pamoja na haki ya kuandamana na ya kuwasilisha malalamiko kwa mamlaka za umma. Ibara inasema kila mtu, haisemi kila mpiga kura, kwa hiyo hata mwanafunzi wa kidato cha tatu asiye na kitambulisho yumo. Maana ni hiyo tu. Linalonikera ni hicho kibali.

Kibali kilikuwapo kweli zamani. Sheria ya utulivu wa umma, Sura ya 56, tuliirithi kwa mkoloni, na kwa miaka mingi mkutano wa hadhara usio na leseni ulikuwa kosa. Wanasiasa Kenneth Matiba na Charles Rubia walipoitisha mkutano uwanja wa Kamukunji, Nairobi, tarehe 7 Julai 1990 kudai vyama vingi, serikali iliukataza na wao wakatiwa kizuizini siku chache kabla. Watu walijitokeza hata hivyo, wakakutana na polisi. Ndipo 1997, kabla ya uchaguzi, wabunge wa KANU, chama tawala wakati huo, na wa upinzani wakapatana kurekebisha sheria kadhaa, leseni ikaondolewa na mahali pake ikawekwa taarifa. Sheria ilibadilika, ndimi zetu hazikubadilika.

Sasa mwandaaji hupeleka notisi, yaani hiyo taarifa, kwa OCS, mkuu wa kituo cha polisi, siku zisizopungua 3 wala kuzidi 14 kabla ya siku yenyewe. Huandika jina lake na anwani, tarehe, saa, na uwanja au njia watakayopita. OCS huiingiza katika rejista ambayo mwananchi yeyote anaruhusiwa kuikagua. Kama kuna notisi nyingine iliyotangulia ya mahali na saa hizohizo, humjulisha mwandaaji mapema ili atafute siku nyingine. Hakuna hatua ambapo afisa huyo anagonga muhuri wa "imeruhusiwa", na akinyamaza, kunyamaza kwake hakumaanishi amekataa.

Tanzania nako jambo hili lilifika mahakamani. Mwaka 1994, katika kesi ya Mchungaji Christopher Mtikila, Jaji Lugakingira wa Mahakama Kuu aliamua kwamba kumlazimisha raia kupata kibali kabla ya mkutano kunapingana na Katiba. Nenda kasikilize vijiwe vya kahawa leo kama habari hiyo imefika.

Nakiri notisi ina utata wake, na vijana wa 2024 ndio walioufichua. Walipopinga Mswada wa Fedha walisema hawana kiongozi wala kabila. Basi notisi aitie sahihi nani? Julai mwaka huo polisi walitumia hoja hiyohiyo ya kukosa kiongozi kupiga marufuku maandamano katikati ya Nairobi, na Mahakama Kuu ikaisimamisha marufuku hiyo upesi. Ni swali halali, kwa kuwa sheria iliandikwa ikimfikiria mwandaaji mmoja mwenye anwani. Lakini hilo nalo linahusu taarifa, kibali hakimo.

Kwa hiyo, ndugu mtangazaji, ikiwa notisi haikupelekwa, sema haikupelekwa. Na ikiwa ilipelekwa lakini vijana wakazuiwa, usiwaulize wao kibali kiko wapi. Mpigie OCS umuulize aliwapa sababu gani, na kama aliiandika.