Dhima ya mzazi si dhamana

Wiki iliyopita hapa Ngamiani, Tanga, mtoto wa miaka tisa alilenga embe kwa manati akapata kioo cha mbele cha bajaji. Vigae havijafagiwa, mwenye bajaji keshahukumu: "Mzazi ndiye dhamana wa mtoto. Babake namfunga!" Baraza zima likaitikia. Neno hilo, dhamana, nimelisikia msibani, nimelisikia kwenye kikao cha wazazi shuleni, na sasa limenichosha.

Linalotakiwa hapo ni dhima: kuwajibika kisheria kwa madhara, aghalabu kwa kulipa fidia. Basi.

Masikioni mwetu dhima na dhamana ni ndugu. Aliyepita chuoni, yaani madrasa, anajua si ndugu: kwa Kiarabu moja imeandikwa kwa herufi dhali, nyingine kwa dhadi. Kiswahili kiliziandika zote dh, nasi tukazichanganya. Mdhamini huingia kwa hiari yake. Anakwenda mahakamani na kitambulisho na barua ya serikali ya mtaa, anatia saini, mshtakiwa akitoroka yeye ndiye anayebanwa. Siku mtoto anazaliwa, mzazi hasaini kitu cha namna hiyo.

Dhima nayo wanafunzi wanaijua kwa swali la "dhima ya fasihi", wakadhani ni kazi ya kitu tu. Kwenye fiqhi, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu, ni zaidi ya hapo: ni kama daftari la haki na madeni ambalo kila mtu anazaliwa nalo, hata kichanga. Ndiyo maana kwa wanazuoni wengi, mtoto akiharibu mali ya watu, fidia hutoka kwenye mali ya mtoto mwenyewe, na mlezi huitoa kwa niaba yake. (Mzee mmoja pale barazani alinibana: fiqhi hiyohiyo fidia huiita dhamana. Kweli. Ila mwenye bajaji hakuwa akizungumza fiqhi.)

Sheria yetu ya madai, tuliyoirithi kwa Waingereza, nayo haimtwishi mzazi deni kwa sababu tu ni mzazi. Inatazama uzembe wake mwenyewe: alimwachia mtoto kitu cha hatari, au alijua tabia yake asimzuie? Ufaransa ni kinyume. Mwaka 1997 mahakama yao ya juu iliamua kesi ya mtoto wa miaka 12 aliyegongana na pikipiki akiwa juu ya baiskeli. Baba alibebeshwa dhima bila kuulizwa kama alikosea malezi. Kwa baiskeli zilivyojaa Tanga, wazazi wa hapa wangekoma.

Kufungwa ndiyo kabisa. Kanuni ya Adhabu inasema aliye chini ya miaka 10 hawajibiki kwa jinai, na jinai ya mtoto haihamii kwa babake kama deni la dukani.

Kwa hiyo, kaka yangu wa bajaji, polisi utapoteza nauli. Lakini manati ile nimeiona, mpira wake ni wa tyubu ya baiskeli, na mtoto kasema mwenyewe kuwa babake ndiye aliyemfungia, akamwachia aende nayo barabarani peke yake. Hapo una pa kushika. Mdai kioo chako, ila useme unamdai kwa dhima yake.