Asaimenti ya Utafiti Isiyonakilika: Anza na Swali

Mhadhiri akitoa swali lisemalo "Jadili Azimio la Arusha", asishangae kupokea kazi arobaini zinazofanana. Majibu yake yamejaa intaneti, steshenari za jirani na chuo zinayo yaliyokwisha chapwa, na programu za akili unde huyatoa kwa dakika moja. Mwanafunzi aliyenakili ana kosa lake na awajibike. Lakini swali hilo halikumdai chochote kinachotoka kwake.

Lipunguze swali hilo, ulishushe hadi kwenye kata ya mwanafunzi. Azimio la 1967 liliwawekea viongozi masharti: wasiwe na hisa katika kampuni, wasipokee mishahara miwili, wasipangishe nyumba. Masharti hayo yalilegezwa na Azimio la Zanzibar mwaka 1991. Sasa mwagize mwanafunzi achague sharti moja tu, asome maneno yenyewe ya Azimio, amhoji mzee mmoja aliyefanya kazi serikalini au kwenye shirika la umma miaka ya 1970, kisha aeleze maelezo ya mzee yanakubaliana na waraka wapi na yanapishana wapi. Kazi kama hiyo hainunuliki dukani, kwa sababu mzee huyo hayupo kwenye mtandao. Mwanafunzi aombe ridhaa yake kwanza, na jina lisiandikwe asipotaka. Badilisha sharti au kipindi kila mwaka. Swali likirudiwa miaka miwili, kazi za kaka na dada zao huwa zimeshasambaa kwenye makundi ya WhatsApp.

Swali pekee halitoshi, maana wizi mwingi hufanyika usiku wa mwisho. Muhula wa wiki 15 unatosha kuigawa kazi. Wiki ya tatu mwanafunzi alete swali lake na sentensi tatu za kueleza kwa nini amelichagua. Wiki ya tano alete vyanzo vitano, kila kimoja na mistari miwili: kinasema nini, na kitamsaidia wapi. Wiki ya nane alete maandishi ya mahojiano, hata yakiwa ya mkono na yamekatwakatwa. Wiki ya kumi, rasimu ya kurasa mbili. Hatua hizi zipewe alama 40 kati ya 100. Zikipewa 5, wanafunzi watazipuuza, kisha watazitunga zote kwa mkupuo kazi ikishakamilika. Mwalimu naye arudishe kila hatua ndani ya wiki moja, japo kwa maoni ya mstari mmoja. Isiporudi, mwanafunzi huiona kuwa urasimu mtupu.

Wengi hunakili kwa kutojua, na hili tunalipuuza mno. Wameambiwa "andika kwa maneno yako", nao wanaelewa kwamba wabadilishe neno moja moja. Chukua sentensi hii: "Idadi ya watu Tanzania iliongezeka kutoka 44,928,923 mwaka 2012 hadi 61,741,120 mwaka 2022." Mwanafunzi ataandika, "Hesabu ya wananchi wa Tanzania ilipanda toka 44,928,923 mwaka 2012 kufikia 61,741,120 mwaka 2022", bila kutaja chanzo. Huo bado ni wizi: muundo ni uleule na takwimu hazina mwenyewe. Inayokubalika ni hii: "Kwa takwimu za sensa za 2012 na 2022, watu wameongezeka kwa takribani asilimia 37 katika miaka kumi." Hapa chanzo kimetajwa na hesabu ameifanya mwenyewe. Tenga kipindi kimoja darasani wafanye zoezi hili kwa aya tatu, kabla ya asaimenti kutolewa.

Programu za kukagua ufanano wa maandishi zinasaidia, ila zisigeuzwe hakimu. Asilimia inayoonyeshwa ni ya maneno yaliyofanana tu, na humo huweza kuwemo dondoo halali na orodha ya marejeo. Asilimia 25 inaweza kuwa safi, na 8 ikawa aya nzima iliyoibwa. Tena aliyetafsiri makala ya Kiingereza kwa mashine kuja Kiswahili mara nyingi hupenya. Fungua ripoti, usome palipotiwa rangi.

Kinachobainisha zaidi ni mazungumzo. Dakika tano kwa kila mwanafunzi zinatosha: fungua ukurasa wowote, umuulize chanzo hiki alikipata wapi, na kwa nini alikiamini kuliko kile. Darasa la watu 60 ni saa tano, zinazoweza kugawanywa kwa siku tatu. Darasa likiwa la 300, wasaidizi wa wahadhiri wagawane makundi, au wanafunzi wachache wachaguliwe kwa bahati nasibu huku kila mmoja akijua tangu mwanzo kwamba anaweza kuitwa. Akishindwa kueleza, usikimbilie kumshtaki, kwani wengine huzibwa na woga. Muombe maandishi ya wiki ya nane na rasimu ya wiki ya kumi, uyaweke kando ya kazi ya mwisho. Vikikosekana vyote viwili, hapo peleka suala kwenye idara kwa utaratibu wa chuo.