Sororiti za vyuo vya Marekani: dhana na ukweli kuhusu ugomvi wa ndani

Kwenye picha utaona sare na vicheko. Ndani ya sororiti, vyama vya wasichana katika vyuo vya Marekani, kuna pia kampeni za uchaguzi, ada nzito na majungu ya chinichini.

Dhana: Ni wivu wa wasichana tu.

Ukweli: Waulize wa Chuo Kikuu cha Howard. Mwaka 1912 wanachama wa Alpha Kappa Alpha walitaka kubadili jina na rangi za chama, na kujitosa zaidi katika masuala ya umma. Nellie Quander, mwanachama aliyekuwa ameshahitimu, akakataa katakata, na Januari 1913 chama kikasajiliwa kisheria ili kisiguswe. Wanachama 22 waliotaka mabadiliko hawakusubiri: Januari 13 walianzisha Delta Sigma Theta, na Machi wakawa barabarani Washington wakidai kura kwa wanawake. Vyama vyote viwili vipo hadi leo. Hapo nani alimnunia nani si hoja.

Dhana: Tawi la chama chuoni likikubaliana jambo, limemaliza.

Ukweli: Juu ya tawi kuna wanachama waliokwisha kuhitimu na makao makuu ya chama. Mwaka 2013 katika Chuo Kikuu cha Alabama, baadhi ya wanachama waliliambia gazeti la wanafunzi, The Crimson White, kwamba walitaka kumpokea msichana mweusi, wahitimu wakawazuia. Manung'uniko ya vyumbani hayakuwa yamezaa kitu. Habari ilipotoka, uongozi wa chuo uliagiza upokeaji wa wanachama ufunguliwe upya, na wasichana weusi wakapewa nafasi. Makao makuu nayo yana mkono mrefu: katika Chuo Kikuu cha DePauw, Indiana, Delta Zeta iliwaondoa wanachama 23 wa tawi lake kwa mkupuo, wengine 6 wakajitoa kwa hasira, na mwaka 2007 chuo kikavunja uhusiano na chama hicho.

Dhana: Ukichoka, hamia kingine.

Ukweli: Katika vyama vya National Panhellenic Conference, shirikisho la sororiti, ukishaapishwa kimoja huwezi kujiunga na kingine, hata ukijiuzulu. Mwenye mashaka aseme kabla ya kiapo.

Dhana: Ukiacha kuhudhuria, umejitoa.

Ukweli: Umejiongezea faini tu. Andika barua, na uulize mapema unadaiwa ada kiasi gani.