Ndama wa kununua na ugonjwa wa kupumua: tunayoambiana na ukweli wenyewe

Ukinunua ndama wanne watano leo, ukawashusha wakaingia bandani kwa miguu yao, usidhani hatari imepita, ndo kwanza inaanza, maana ugonjwa wa kupumua kwa ndama wageni mara nyingi unajitokeza ndani ya wiki 2 za mwanzo na unaweza kuendelea kuibuka hadi wiki ya 4. Hapo ndo tunapowapoteza, na wengi wanaopoteza ni watu wanaojali kabisa mifugo yao, ila wanafuata mambo tunayoambiana ambayo sio kweli. Nimeweka hapa yale ninayoyasikia sana.

"Kaniuzia ndama mgonjwa yule"

Inawezekana, lakini mara nyingi ndama katoka kwa mwenyewe akiwa mzima kabisa. Bakteria wanaoozesha mapafu, kina Mannheimia na Pasteurella, wanaishi puani na kooni kwa ndama wazima kila siku na hawamfanyi kitu. Sasa angalia huyu wako kapitia nini: jana kaachishwa kunyonya, leo kapakiwa kwenye gari, kasimama masaa mengi bila maji, kabanwa na ndama wa mabanda mengine kila mmoja na virusi vyake. Kinga yake inashuka, virusi vinaharibu ukuta wa njia ya hewa, na wale bakteria waliotulia puani wanazaliana haraka na kuteremka mapafuni.

Kwa hiyo kumuuliza muuzaji "anaumwa?" hakutoshi. Muulize kaachishwa lini, kachanjwa nini na lini, kama alipata dang'a (maziwa ya kwanza ya mama yake) ya kutosha, lita 3 hivi au zaidi kwenye masaa 6 ya kwanza baada ya kuzaliwa, na kama wote wametoka banda moja au wamekusanywa kusanywa. Mimi nachagua watano wa banda moja walioachishwa wiki kadhaa nyuma, hata kama watano wa mabanda matano wana ngozi inayong'aa zaidi.

"Hajakohoa, basi yuko sawa"

Hii ndo inaua wengi na hapa naomba tuelewane vizuri. Kikohozi cha kusikika mbali, kupumua kwa mdomo, shingo imenyooshwa mbele, ukiviona hivyo jua mapafu yameshaharibika sehemu kubwa. Na mapafu ya ng'ombe ni madogo ukilinganisha na mwili wake, hana akiba kubwa, na sehemu iliyokufa hairudi, inabaki kovu.

Dalili za kwanza ziko kwenye chakula. Mwaga chakula hafu simama pembeni utulie, usishike simu, angalia. Wazima wanakuja wanasukumana, kuna mmoja anakuja nyuma, anachukua mdomo mmoja anasimama, masikio yamelegea kidogo. Mwangalie pua, ndama mzima analamba pua yake muda wote inabaki safi na mbichi, anayeanza kuumwa anaacha kamasi likauke pale pale. Mwangalie ubavu wa kushoto nyuma ya mbavu ya mwisho, wenzake wamejaa, yeye kuna shimo. Na akiinuka asubuhi hajinyooshi mgongo kama wenzake.

Huyo mpime joto, usibishane na moyo wako. Themometa ya kuingiza kwenye njia ya haja kubwa ni kitu kidogo na hakuna mfugaji wa ndama anayetakiwa kukosa. Kawaida ni 38.5 mpaka 39.5. Akifika 40 na bado kazubaa, huyo ni mgonjwa hata kama hajakohoa hata mara moja. Pima asubuhi mapema kabla jua halijakolea, maana mchana wa joto hata mzima anapanda. Pumzi unahesabu akiwa amelala mwenyewe, kabla hujamsogelea, unaangalia ubavu unavyopanda na kushuka, ikizidi 40 kwa dakika wakati kuna ubaridi na hakuna aliyemkimbiza, mpime joto na huyo pia. Fanya hivi asubuhi na jioni kwa siku 14 za kwanza, bila kuruka.

"Funga banda wasipigwe baridi"

Nia ni nzuri, matokeo ni mabaya. Ndama mkavu, aliyeshiba, mwenye majani makavu mengi ya kulalia, anavumilia baridi kuliko tunavyodhani. Asichoweza kuvumilia ni hewa nzito yenye mvuke na amonia ya mkojo, inaharibu vile vinyweleo vidogo vya kwenye njia ya hewa ambavyo kazi yake ni kusukuma uchafu na vijidudu nje. Ukiwa umesimama hewa unaiona nzuri tu, sasa piga magoti kwenye matandiko yao, kichwa chako kiwe pale pua ya ndama inapokaa, ukae dakika moja. Macho yakiwasha, wao wanalala humo usiku mzima. Na magoti yakilowa ujue matandiko yamekwisha, badilisha leo leo.

Juu acha wazi hewa chafu itoke, chini kwenye usawa wa ndama aliyelala zuia upepo usimpige moja kwa moja. Na usiwajaze wakabanana.

"Piga sindano, homa ikishuka basi"

Kuna makosa kadhaa humu. Dawa sahihi homa inaweza kushuka ndani ya siku moja au mbili, lakini bakteria bado wapo, ukikatiza anarudia na safari ya pili dawa inahangaika zaidi. Dozi inaenda kwa uzito, kama huna mzani tumia tepu ya kuzungushia kifua inayokadiria uzito, kukadiria kwa macho ndo chanzo cha kumpa pungufu. Halafu dawa hazilingani, Mycoplasma, bakteria mwingine wa mapafu, hana ukuta wa seli ambao ndo penisilini inaushambulia, kwa hiyo haimgusi kabisa hata umpige chupa nzima. Dawa ya muda mrefu ikishachomwa inafanya kazi siku kadhaa, usirudie kesho yake wala usibadilishe dawa kila siku, ila ukiona anazidi kushuka mpigie daktari wa mifugo hapo hapo. Muulize pia dawa ya kushusha homa na uvimbe, inamrudisha kula mapema, na andika tarehe ya sindano ya mwisho kwa ajili ya muda wa kusubiri kabla ya nyama au maziwa kutumika.

Vitamini sio tiba ya hii. Zinasaidia mwili, haziui bakteria.

"Mnyweshe mafuta au maji ya tangawizi yafungue kifua"

Naomba sana, acha. Ndama anayehema, unamwinua kichwa unammiminia chupa, hawezi kumeza na kupumua kwa wakati mmoja, unachommiminia kinaingia mapafuni. Nilishaona ndama aliyekuwa na mafua ya kawaida tu akinyweshwa mafuta jioni, usiku akaanza kukoroma, asubuhi hakuamka. Mafuta yakishaingia mapafuni hakuna namna ya kuyatoa.

"Nawachanja siku wanayofika, nimemaliza"

Chanjo inahitaji kama wiki 2 kujenga kinga, nyingine zinataka dozi ya pili, na ndama aliyechoka na safari mwili wake hauitikii vizuri. Inafaa zaidi wachanjwe kwa muuzaji kabla ya safari. Siku ya kufika wanataka maji safi, nyasi nzuri kavu na kulala, pumba na vyakula vya nguvu anza kidogo kidogo. Kuhasi na kukata pembe subirisha mpaka watulie. Na wakae mbali na mifugo yako ya zamani wiki 3 mpaka 4, uwahudumie mwisho baada ya wale wengine, na ndoo zao peke yao.

"Ni homa ya mapafu, tunaijua"

Jina hili linatuchanganya, maana kwa ng'ombe homa ya mapafu ni jina la ugonjwa mwingine kabisa wa kuambukiza ambao kwa sheria za nchi nyingi lazima utoe taarifa, na ndama wa chini ya miezi 6 wenye ugonjwa huo mara nyingi wanavimba viungo kuliko kukohoa. Penye kupe kuna ndigana kali pia, anahema vile vile na homa ile ile, ila shika chini ya sikio na mbele ya bega utakuta tezi zimevimba, na dawa yake ni nyingine. Minyoo ya mapafu nayo inakohoza wale walioanza kuchunga. Ndo maana akifa mmoja usikimbilie kumzika, mwite daktari ampasue siku hiyo hiyo aangalie mapafu, atakachokikuta humo ndo kitamwambia awatibuje waliobaki.