Kina katika mandhari ya rangi za maji: tazama toni kabla ya rangi

Picha nyingi za vilima vya Bunyonyi, ziwa la kusini-magharibi mwa Uganda, huharibika kwa kosa moja: vilima vyote vina uzito uleule. Cha mbali kijani kibichi, cha karibu kijani kibichi, na jicho halina pa kuingilia. Anayejifunza hulaumu rangi zake, kumbe tatizo ni toni, yaani kiasi cha weusi au weupe ndani ya rangi yoyote ile.

Utazame mlima Muhavura asubuhi ukiwa Kisoro mjini. Miteremko yake imevaa msitu, lakini unauona wa samawati iliyopauka. Hewa iliyo kati yako na mlima hutawanya mwanga, hasa wa samawati, na mwanga huo hufunika kwanza sehemu zilizo nyeusi. Vivuli vya mabonde hufifia kabla ya miteremko yenye jua. Ukichora mstari mmoja mweusi kule juu, mlima wote unaruka mbele.

Kabla ya kulowesha brashi, chukua penseli uchore kijipicha chenye ukubwa wa kiberiti, kwa toni 3 tu: nyeupe, kijivu, nyeusi. Kisiposomeka hapo, rangi haitakiokoa. Usiukate ukurasa katikati kwa ukingo wa ziwa. Uweke theluthi moja kutoka juu au chini. Kisha acha vitu vifunikane: jani la mgomba likipita mbele ya maji, na maji yakipotea nyuma ya kisiwa, tayari kuna umbali, hata bila rangi.

Tumia karatasi ya gramu 300 kwa mita ya mraba. Nyembamba hujikunja na rangi hutuama mabondeni mwake. Kilima cha mbali kipake rangi nyepesi kama chai ya rangi, bluu ya altramarini yenye tone la kahawia. Kingali kibichi, pitisha brashi safi yenye unyevu kwenye ukingo wa chini, rangi iyeyuke iwe ukungu. Kilima cha pili kiwe kizito kama maziwa, na cha mbele kama maziwa ya mgando, chenye kijani cha joto na kingo kali.

Hapa subira ndiyo kazi yenyewe. Gusa karatasi kwa mgongo wa kiganja: ikiwa baridi, bado ina maji ndani, hata kama haing'ai. Msimu wa mvua hukausha polepole mno. Ukiweka brashi yenye maji mengi juu ya rangi iliyokauka nusu, maji husukuma chembe za rangi pembeni na kuacha doa lenye kingo kama koliflawa, ambalo ni vigumu kulifuta.

Rangi za maji hupauka zikikauka, kwa hiyo zijaribu kwanza kwenye kipande cha karatasi ileile. Wengi huogopa weusi, basi sehemu ya mbele hubaki dhaifu. Thubutu pale, lakini uache uti wa jani la mgomba ukiwa karatasi tupu: weupe huo ukikaa kando ya weusi mzito kuliko wote, jicho litatua hapo.

Mwishoni rudi nyuma hatua 3 na ufinye macho. Kilima cha mbali kikionekana kabla ya mgomba, kiloweshe kwa brashi safi, subiri kidogo, kisha ukibonyeze kwa tishu bila kusugua.