Anunnaki hawakuchimba dhahabu: dhana potofu kuhusu dini na maisha ya Wasumeri

Kila muhula nikifika kwenye mada ya Mesopotamia, kabla sijamaliza kuchora mito ya Frati na Tigri ubaoni, yupo mwanafunzi anayetaka kujua kwa nini "naficha" habari za Anunnaki, miungu ya Wasumeri, watu wa kale wa kusini mwa Iraki ya leo, ambao wengine hudai walikuwa wageni kutoka sayari nyingine. Ameziona kwenye video, au zimezungushwa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo wao. Namjibu, darasa linaelewa, na muhula unaofuata swali linarudi vilevile. Nimeona niliandike jibu lote, na nigusie dhana nyingine chache zinazoandamana nalo.

Dhana: Anunnaki walitoka sayari ya Nibiru, wakamuumba binadamu awachimbie dhahabu Afrika

Hadithi hii haitoki Sumeri. Ilienezwa kuanzia mwaka 1976 na Zecharia Sitchin, mwandishi aliyeishi New York, aliyedai kwamba Nibiru ni sayari inayolizunguka jua mara moja kila miaka 3,600 na kwamba wakazi wake walikuja duniani kutafuta dhahabu. Hakuna kibao cha udongo cha Kisumeri kinachosema hivyo. Nibiru ni jina linalopatikana katika maandishi ya Kibabeli ya lugha ya Kiakadi, ya zama za baada ya falme za Wasumeri kuanguka. Humo ni nyota ya mungu Marduk, na mara nyingi ni Mshtarii, sayari ambayo yeyote anaweza kuiona usiku bila chombo chochote.

Anunna, kama Wasumeri walivyowaita, ni jamii ya miungu wakubwa, watoto wa An, mungu wa mbingu. Wanaketi barazani, wanapanga majaaliwa, wanakasirika, wanakula. Katika utenzi wa Inanna, mungu wa kike wa mapenzi na vita, kushuka kuzimu, Anunna ni mahakimu saba wanaomhukumu Inanna mbele ya dada yake Ereshkigal, malkia wa kuzimu, na Inanna anageuka maiti na kutundikwa kwenye ndoano. Chombo cha kuruka hakimo, wala mgodi.

Kuumbwa kwa binadamu Wasumeri walikusimulia, tena vizuri kuliko video hizo. Katika kisa cha Enki na Ninmah, miungu ndio waliokuwa wakifanya kazi. Walichimba mifereji, wakabeba udongo kwa makapu, wakachoka, wakaanza kunung'unika. Enki, mungu wa maji na hekima, alikuwa amelala. Mama yake Namma akamwamsha, na binadamu akafinyangwa kwa udongo ili aichukue kazi ile. Kazi yenyewe ni mifereji. Kusini mwa Iraki mvua ni chache mno kwa kilimo, na bila maji ya mto kuletwa shambani shayiri haioti. Mfereji nao hujaa tope la mto, kwa hiyo kuuzibua ni kazi isiyoisha, na vibao vya hesabu vimejaa orodha za vibarua waliopelekwa huko pamoja na kiasi cha udongo walichopaswa kutoa. Msimulizi alichukua kazi ngumu kuliko zote alizozijua akawabebesha miungu, kisha akaeleza kwa nini sasa inatukalia sisi shingoni. Ukiondoa mfereji ukaweka mgodi wa dhahabu, umemnyang'anya mkulima yule hadithi ya jasho lake mwenyewe.

Hiyo "Afrika" inayotajwa inatokana na neno Abzu, ambalo Sitchin aliligeuza kuwa machimbo ya kusini mwa bara letu. Kwa Wasumeri, Abzu ni maji baridi yaliyo chini ya ardhi, makazi ya Enki, na hekalu lake lilikuwa katika mji wa Eridu. Mahali hapo panajulikana. Waakiolojia walipochimba Eridu katika miaka ya 1940 walikuta mahekalu yaliyojengwa moja juu ya jingine kwa karne nyingi, la chini kabisa likiwa chumba kidogo cha matofali ya udongo, na katika yaliyofuata wakakuta mifupa ya samaki waliotolewa sadaka. Ni sadaka inayomfaa mungu wa maji. Dhahabu yenyewe Sumeri haikuwa nayo. Ilifika kwa biashara kutoka nyanda za juu za mashariki na kaskazini.

Kinachonikera zaidi ni kwamba uongo huu unawapora Waafrika pia. Duara za mawe za Mpumalanga, Afrika Kusini, zinaonyeshwa kwenye video kama mabaki ya Anunnaki. Zilijengwa na watu wa Bokoni, wakulima na wafugaji walioishi huko takriban kati ya mwaka 1500 na 1820: nyumba, mazizi, barabara za kupitishia ng'ombe na matuta ya mashamba. Mtu anayesambaza video hiyo akidhani anaitukuza Afrika anawafuta mababu waliobeba mawe yale.

Wanafunzi wanaponibana huniletea "ushahidi" wa aina tatu. Wa kwanza ni muhuri wa kale ulioko makumbusho ya Berlin, namba VA 243, wenye nyota iliyozungukwa na nukta, ati ni jua na sayari zake. Maandishi ya muhuri huo yana majina ya watu wawili, bwana na mtumishi wake, wala hayasemi lolote kuhusu sayari. Wa pili ni Orodha ya Wafalme ya Wasumeri, inayosema Alulim wa Eridu alitawala miaka 28,800 na aliyemfuata miaka 36,000. Gawanya kwa 3,600 utapata 8 na 10 kamili. 3,600 ni sitini mara sitini: ni namba za makarani waliohesabu kwa sitini, wakiwapa wafalme wa kabla ya gharika enzi zinazolingana na ukubwa wa zama hizo. Wa tatu ni sanamu za macho makubwa, hasa zile 12 zilizochimbuliwa Tell Asmar, Iraki, mwaka 1934. Sanamu za aina hiyo ni za waumini. Mtu aliiweka hekaluni isimame mbele ya mungu ikimwombea wakati yeye yuko shambani, na baadhi yake zimeandikwa jina la mwenyewe na ombi la uhai. Macho yale yanamtazama mungu bila kupepesa.

Ushauri wangu ni mmoja, na siuchoki: mtu akikwambia "vibao vya Wasumeri vinasema", muulize kibao kipi, kina namba gani, kiko makumbusho gani. Kila kibao kilichochapishwa kina namba. Tenzi za Kisumeri zimewekwa mtandaoni bure na Chuo Kikuu cha Oxford, upande mmoja Kisumeri na upande wa pili tafsiri ya Kiingereza. Soma kimoja mwanzo hadi mwisho kabla ya kusambaza chochote.

Dhana: dini ilikuwa ya wafalme na makuhani, raia hawakuwa na sehemu

Hii inaudhi kidogo tu, kwa kuwa ina chembe ya kweli. Ndani ya hekalu kubwa la mji raia hakuingia ovyo. Lakini kila mtu alikuwa na mungu wake binafsi, aliyemlinda na kumsemea mbele ya wakubwa. Tazama mihuri ya zama za dola ya mji wa Uri: mungu wa cheo cha chini amemshika mtu mkono anampeleka mbele ya mungu mkuu aliyeketi, kama mshenga anavyomtangulia mposaji. Mtu akiugua au mambo yakimwendea kombo alisema mungu wake amemwacha, akamlilia arudi. Wengine waliwaandikia miungu barua.

Na hekalu lilikuwa mahali pa kazi. Mungu alipewa chakula kila siku, mikate, pombe ya shayiri, samaki, nyama ya kondoo, na baada ya kuandaliwa kikagawiwa watumishi wa hekalu. Wafumaji, wengi wao wanawake, wavuvi, wasaga nafaka na wachungaji waliandikwa kwenye vibao pamoja na posho zao. Katika enzi ya mwisho ya Uri, posho ya kawaida ilikuwa takriban lita 60 za shayiri kwa mwezi kwa mwanamume na 30 kwa mwanamke. Uandishi wenyewe ulianzia mji wa Uruk, kwenye miaka ya 3300 KK, kwa hesabu za aina hiyo: shayiri, kondoo, pombe, vibarua. Tenzi zilikuja karne nyingi baadaye.

Dhana: zigurati ni makaburi

Zigurati, minara ya matofali yenye ngazi za matabaka, sizo makaburi. Ile ya Uri ilijengwa na mfalme Ur-Nammu takriban 2100 KK, kitako chake kina mita 62 kwa 43 hivi. Ndani ni matofali mabichi yaliyotandikwa matabaka ya matete, nje ni matofali ya kuchoma yaliyogandishwa kwa lami. Haina chumba cha maiti. Ilibeba hekalu la Nanna, mungu wa mwezi. Makaburi mashuhuri ya wafalme wa Uri, aliyoyachimba mwakiolojia Leonard Woolley, yako kando na ni ya karne tano hivi kabla yake.

Dhana: wanawake walilazimishwa ukahaba hekaluni

Chanzo chake ni Herodotus, mwanahistoria Mgiriki wa karne ya 5 KK, tena alikuwa akiizungumzia Babeli, miaka zaidi ya 1,500 baada ya Wasumeri. Maandishi ya Kisumeri hayana desturi hiyo. Yanaye Enheduanna, binti wa mfalme Sargon wa Akadi, kuhani mkuu wa Nanna huko Uri kwenye miaka ya 2300 KK, ambaye makarani walimtaja kuwa mtunzi wa tenzi za kumsifu Inanna.

Dhana: Kisumeri ni Kibantu

Kisumeri hubandika viambishi kwenye kitenzi, ndiyo. Hata Kituruki hubandika, na Waturuki wapo wanaodai vivyo hivyo. Kisumeri hakina ndugu anayejulikana. Hatuna haja ya kuazima ukoo.

Dhana: Wasumeri walitoweka ghafla

Mwaka 2004 KK majeshi ya Elamu, nchi jirani ya upande wa mashariki, yaliuteka Uri na kumchukua mateka mfalme wake wa mwisho, Ibbi-Sin. Dola iliisha, watu wakabaki, wakaendelea kulima na polepole wakahamia Kiakadi. Kisumeri kikawa lugha ya shule na ibada. Makuhani wa maombolezo huko Babeli na Uruk waliendelea kunakili na kuimba nyimbo za Kisumeri mbele ya miungu hadi karne za mwisho kabla ya Kristo, wakati nyumbani kwao walizungumza Kiaramu.