Draiva ya grafiki kukrashi wakati kompyuta inawaka: maana yake ni nini hasa

Ukimpelekea fundi kompyuta inayowaka halafu kioo kinakuwa cheusi tii, majibu ya mjini yanajulikana, ama "tupige Windows upya" ama "kadi ya picha imeungua hiyo bosi, tafuta nyingine". Yanaweza kuwa kweli yote mawili ila mara nyingi sio, kilichotokea ni draiva ya grafiki imekrashi pale inapoamka, na hilo ni tatizo linalojitegemea, lina dalili zake, lina sababu zake na lina dawa ambayo haikufutii picha za harusi.

Tuanze na draiva yenyewe. Windows haijui kuongea na kila chipu ya picha iliyopo duniani, kuna Intel, kuna AMD, kuna Nvidia, na kila mmoja ana vizazi kibao, kwa hiyo mwenye chipu ndiye anaandika programu inayopokea maagizo ya Windows (chora dirisha hapa, cheza video pale) na kuyageuza kuwa kitu ambacho chipu yake inaelewa. Hiyo ndio draiva. Bila hiyo picha unapata bado, ila ni picha ya kujikimu tu, maandishi makubwa kupita kiasi, video zinakwamakwama, na gemu sahau.

Kukrashi sasa. Draiva inaweza kugusa sehemu ya memori isiyo yake, au ikaganda tu ikawa haijibu. Kwa hilo la kuganda Windows ina kipimo chake kinaitwa TDR (Timeout Detection and Recovery), kwamba ikiipa chipu kazi na sekunde 2 zikapita kimya, inaizima draiva na kuiwasha upya yenyewe bila kukuuliza. Kama ulishaingia ndani utaona kioo kimezima kidogo na kurudi, maisha yanaendelea. Ikishindwa kurudi ndio unakutana na bluskrini, ile skrini ya bluu ya hitilafu, imeandikwa VIDEO_TDR_FAILURE na mara nyingi pembeni kuna jina la faili, na hilo jina ndilo la maana kuliko maneno mengine yote pale: nvlddmkm.sys ni Nvidia, igdkmd64.sys ni Intel, atikmpag.sys au amdkmdag.sys ni AMD. Piga picha na simu kabla haijajiristati, maana inajiristati haraka kweli.

Swali ambalo watu huwa wanauliza, na ni la haki, kwa nini kiprogramu cha picha kiangushe mashine nzima wakati Word ikigoma inagoma peke yake? Sababu ni mahali kinapokaa. Sehemu kubwa ya kazi ya draiva inafanyika ndani ya keneli, kiini kabisa cha mfumo, na huko ndani hakuna ukuta, mmoja akianguka wote wanaanguka. Hata Windows yenyewe, kwenye toleo lake la zamani la NT 3.51 kazi ya kuchora ilikuwa nje ya keneli, wakaja kuiingiza ndani kwenye NT 4.0 mwaka 1996 ili iwe na spidi. Ilipokuja Vista wakairudisha nusu, wakaigawa draiva vipande viwili, kimoja ndani kimoja nje, na ndio hapo ule ujanja wa kuizima na kuiwasha upya ulipowezekana. Na Vista yenyewe ilianza kwa balaa: nyaraka zilizotoka kwenye kesi iliyofunguliwa Marekani dhidi ya Microsoft zilionyesha kuwa kati ya krashi za Vista walizorekodi mwaka 2007, karibu asilimia 29 zilitokana na draiva za Nvidia. Mtu akikwambia draiva ni kitu kidogo mwoneshe hiyo namba. Na kama unakumbuka Julai 19, 2024, siku ndege zilipokwama na mabenki yakasimama nchi za watu sababu ya CrowdStrike, kampuni ya programu za usalama wa kompyuta, ile haikuwa draiva ya grafiki lakini ugonjwa ulikuwa wa ukoo huohuo, draiva ya ndani ya keneli imelishwa faili bovu, mashine kama milioni 8.5 zikawa zinawaka na kuanguka, zinawaka na kuanguka.

Sasa sehemu yenye utamu, namna ya kujua kama kweli ni draiva. Kuwaka kwa kompyuta ni mbio za kupokezana kijiti. Anayeanza ni bayosi (siku hizi UEFI), kile kiprogramu kinachokaa kwenye mazabodi yenyewe, yeye ana namna yake ya kuonesha picha bila draiva yoyote ya Windows, ndio maana unaona nembo ya Dell au HP hata kama diski haina kitu. Anampa Windows kijiti, na Windows nayo mwanzoni inaendelea kutumia picha hiyohiyo ya bayosi, vile vidoti vinavyozunguka bado havijahitaji draiva. Halafu kuna sekunde moja pale, kabla ya sehemu ya pasiwedi kutokea, ambapo draiva kamili inaamshwa na kuambiwa chukua kioo chote, weka rezolusheni yake halisi. Kijiti kikidondoka hapo, unajua ni cha nani.

Kwa hiyo angalia inafia wapi. Hata nembo hujaiona, kioo cheusi tangu unabonyeza batani? Hiyo sio draiva, usipoteze muda, draiva ilikuwa hata haijafikiwa, cheki waya wa monita, cheki ramu, pawa saplai, na kwenye desktop cheki kama waya umechomekwa kwenye kadi au kwenye mazabodi, hilo la mwisho utacheka lakini linatokea sana mtu akihamisha meza. Nembo imekuja lakini ina mistari ya rangi au vidoti vya ajabu kama mchele umemwagika? Hiyo pia sio draiva, hapo memori ya kadi au chipu yenyewe inaumwa, na fundi akikwambia ataichoma na hita ijirudi, inaweza kujirudi kweli wiki kadhaa halafu ikafa moja kwa moja. Lakini nembo safi, vidoti vinazunguka vizuri, halafu giza au bluskrini au inajiristati? Weka draiva namba moja kwenye orodha ya washukiwa.

Kuna kesi ya steshenari moja pale Sinza, wanafunzi wamejaa wanataka kuprinti ripoti za fildi, dada mwenye duka kanipigia.

"Kaka, mashine imewaka ila haina picha."

"Nembo umeiona?"

"Nimeiona, na vidude vimezunguka, kisha giza."

"Bonyeza Caps Lock dada, angalia ka-taa kake kwenye kibodi, kanawaka na kuzima?"

"Kanawaka... kamezima... kanawaka."

"Basi mashine ni nzima, iliyokufa ni picha tu. Usiichomoe."

Hako kataa watu wanakapuuza lakini kanakwambia mengi. Kakiitikia, Windows iko hai na inasikiliza kibodi, ila draiva imeshindwa kuonesha. Kakiwa kameganda, mfumo wote umeenda. Ukiwa na Windows 10 au 11 ongezea hii: shika kitufe cha Windows, Ctrl, Shift na herufi B kwa pamoja, hiyo inailazimisha draiva ianze upya, ukisikia kamlio na kioo kikapepesa basi umepata jibu, wakati mwingine picha inarudi palepale. Pale Sinza ilirudi, foleni ikaendelea, dawa yenyewe tukaifanya jioni akiwa ameshafunga.

Sababu huwa nini? Inayoongoza ni apdeti. Windows Update ina tabia ya kuleta draiva yenyewe kimyakimya, bando lako linaliwa, na wakati mwingine inaiweka ya jumla juu ya ile maalumu ya laptop yako. Ya pili kwa mazingira yetu ni umeme, Tanesco wakikata katikati ya kuinstoli draiva, faili nusu jipya nusu la zamani, asubuhi ukiwasha ndio unakutana na matokeo, kwa hiyo kama huna UPS fanya kazi hiyo kwenye laptop yenye chaji tu. Halafu kuna hizi desktop za mtumba tunazonunua Kariakoo, mashine nzuri tu, lakini mtu anaichomekea kadi ya zamani na kulazimisha draiva mpya kabisa. Kadi za Nvidia za kizazi cha Kepler, yaani nyingi za GTX 600 na 700, mwisho wao ni draiva za namba 470, kuanzia 2021 matoleo mapya yaliwaacha. AMD nao mwaka huohuo waliwaweka pembeni kina Radeon wa zamani. Hapo mpya sio bora, bora ni ile iliyoandikwa kwa ajili ya kadi yako.

Ipo nyingine inachanganya mpaka mafundi: ukiristati inakubali, ukizima na kuwasha inagoma. Watu wanasema mashetani. Ni Fast Startup, iliyokuja na Windows 8, kwamba ukizima kompyuta haizimi kikamilifu, inahifadhi hali ya keneli na madraiva kwenye diski halafu kesho inairudisha kama ilivyokuwa, kwa hiyo kama draiva ilihifadhiwa ikiwa na uchafu inaamka na uchafu wake. Kuristati kunaanza upya kweli. Nenda Power Options kwenye Control Panel uizime, utachelewa sekunde chache kuwaka, utapona.

Na joto? Hapa sikubaliani na mafundi wengi. Dar ni joto na vumbi lipo, sawa, lakini mashine iliyolala usiku kucha ikiwashwa asubuhi na kufa ndani ya nusu dakika, joto litakuwa limepatikana saa ngapi? Joto linaua baada ya muda, ukiwa katikati ya gemu au unarenda video. Labda kama feni imekufa kabisa.

Dawa sasa, na msingi wake ni kumpita draiva bila kumwamsha. Hiyo ndio kazi ya Safe Mode, Windows inawaka kwa kutumia draiva yake ya akiba, Microsoft Basic Display Adapter, ya kwako inaachwa imelala. Kama huoni kitu kwenye kioo, washa, ikianza kuzungusha vidoti shikilia batani ya pawa mpaka izime, rudia, kwa kawaida ukifika mara ya tatu Windows inaleta yenyewe ukurasa wa ukarabati, na huo una picha kwa sababu hautumii draiva yako. Fuata Troubleshoot, Advanced options, Startup Settings, Restart, kisha bonyeza 4. Tahadhari, laptop nyingi za ofisi zina BitLocker, kufuli la diski la Windows, na itakudai namba ndefu ya kufungulia, iko kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye mashine au kwa mtu wa IT, itafute kabla hujaanza.

Ukiingia, fungua Device Manager, Display adapters, ingia kwenye kadi yako. Kama tatizo limeanza baada ya apdeti bonyeza Roll Back Driver, inarudisha ya zamani, kwisha. Kitufe hicho kikiwa kimefifia maana yake hakuna ya zamani iliyohifadhiwa, basi iondoe, weka tiki kwenye kiboksi cha kufuta na faili zake. Wanaotaka usafi wa kweli wanatumia DDU, programu ya bure inayofagia mabaki yote ya draiva, itumie ukiwa Safe Mode na zima hotspot kabisa, maana ukiacha data imewaka Windows itawahi kuleta ileile iliyokuua. Ristati kawaida. Ikifika mpaka ndani ikiwa na ile draiva ya akiba, umeshathibitisha kuwa Windows haina shida, hakuna cha kupiga upya. Ndipo udanlodi draiva sahihi, kwa laptop anzia kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza laptop, andika modeli yako kamili.

Ukiinstoli safi kabisa, matoleo mawili tofauti, na bado inafia palepale draiva inapoamka, hapo ndio nakubali tuizungumzie kadi. Chipu mgonjwa anaweza kuonesha nembo vizuri na kuanguka siku anapopewa kazi kamili. Kama prosesa yako ina grafiki zake, toa kadi, chomeka monita kwenye mazabodi, ikiwaka raha mustarehe umemaliza ubishi. Na kama kadi ni ile ya bei ya kutupa, "GTX 1050 Ti" kwa bei ya chipsi kuku za mtaa mzima, iendeshe GPU-Z kwanza, kiprogramu kinachokuonesha kadi yako ni ipi hasa. Kuna kadi feki, chipu ya zamani ya GTS 450 imeandikwa jina jipya kwenye bayosi yake, draiva halisi ikija inaamini jina, inaamsha kitu ambacho hakipo na kuanguka. GPU-Z inaandika FAKE mbele ya jina, wazi kabisa.

Kwa watu wa Ubuntu, mambo ni yaleyale ila mlango ni mwingine: kwenye menyu ya GRUB (ile ya kuchagua mfumo unapowasha) bonyeza e, mwisho wa mstari unaoanza na linux ongeza nomodeset, kisha F10. Ikiwaka, draiva ndio mwenye kesi, na mara nyingi ni keneli mpya imekuja wakati moduli ya Nvidia haijajengwa kwa ajili yake, au Secure Boot, ulinzi wa UEFI wakati wa kuwaka, imeikataa kwa kukosa saini. Ripoti ya mwasho uliofeli unaisoma kwa journalctl -b -1. Hiyo nomodeset uliyoongeza pale inadumu kwa kuwasha mara moja tu, kwa hiyo usishangae giza likirudi kesho kama draiva yenyewe hujaigusa.